Sista Thea Bowman: Aliingia Chuo Kikuu, Runingani na Mbele ya Maaskofu Bila Kuwaacha Watu Wake Mlangoni



Wapendwa vijana, leo nawaletea maisha ya sista mmoja Mmarekani mweusi ambaye wengi wetu huku Afrika Mashariki hatumjui vizuri. Anaitwa Sista Thea Bowman. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, yaani mchakato wa kumtangaza mtakatifu umeshafunguliwa, ingawa bado hajatangazwa mwenyeheri.

Nimemchagua kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wa vyuoni, hasa mabinti wa mwaka wa kwanza. Mmoja anachekwa lafudhi yake kila akisimama kuongea darasani. Mwingine anaona aibu kusema kwamba baba yake ni mkulima wa jembe la mkono. Mwingine ameambiwa na mjomba wake kwamba akisoma sana hatapata mume. Na yupo ambaye haweki picha yake mtandaoni mpaka aipitishe kwenye programu ya kung'arisha ngozi. Ukiyakusanya yote, swali linabaki moja tu: hivi ili nikubalike, lazima niwe mtu mwingine?

Sista Thea aliishi na swali hilo maisha yake yote. Tena aliishi nalo shuleni, chuo kikuu, kwenye runinga na, hili ndilo linalouma zaidi, ndani ya Kanisa lenyewe. Twende pole pole.

Mtoto wa daktari katika mji wa ubaguzi

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1937 huko Yazoo City, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walimpa jina la Bertha Elizabeth. Alikulia mji wa Canton, si mbali na hapo. Baba yake, Theon Bowman, alikuwa daktari. Mama yake, Mary Esther, alikuwa mwalimu. Babu yake upande wa baba alizaliwa mtumwa.

Hebu tulia hapo kidogo. Babu mtumwa, baba daktari. Ni kizazi kimoja tu! Kwa hiyo Bertha hakuwa mtoto wa kabwela. Nyumbani kwao kulikuwa na vitabu, chakula na heshima. Lakini Mississippi ya miaka ile haikujali baba yako ana shahada gani. Sheria na desturi zilitenganisha weusi na weupe shuleni, hospitalini, kwenye mabasi, mpaka kwenye bomba la maji ya kunywa. Daktari mweusi alitibu watu weusi kwa sababu milango ya wazungu ilikuwa imefungwa kwao, na wagonjwa wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba, watu wasio na kitu.

Hapo mtoto Bertha alijifunza jambo ambalo wengi tunalijifunza tukiwa watu wazima. Tabaka lako linaweza kukupa nyumba nzuri, lisikupe heshima mbele ya mtu aliyekwisha kuamua kukudharau kwa rangi yako. Lakini kwa wazazi wake alijifunza na upande wa pili: ukiwa umejaliwa kidogo kuliko majirani zako, umejaliwa kwa ajili yao.

Familia yake walikuwa Wamethodisti. Yeye alikuwa mtoto mdadisi, akaonja ibada za madhehebu mbalimbali pale mjini. Kilichomvuta kwa Wakatoliki hakikuwa mahubiri. Aliona mapadre na masista wakiwahudumia maskini na kuishi wanachokisema. Akaomba kubatizwa, naye akabatizwa mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 9. Wazazi wake walimruhusu.

Miaka kumi, na kusoma bado shida

Sasa sikiliza hili, wewe uliyewahi kuambiwa huna akili.

Bertha alisoma miaka kadhaa katika shule ya serikali ya watoto weusi. Akafika umri wa miaka 10 hivi, na kusoma bado kunamshinda. Mama yake mwalimu, baba yake daktari, na mtoto hajui kusoma vizuri. Tatizo halikuwa kichwa chake. Shule za weusi Mississippi zilipewa fedha kidogo kuliko za wazungu, madarasa yalifurika, vitabu vilikuwa chakavu, mara nyingi vile vilivyokwisha kutumika na watoto wa kizungu. Mfumo ulitengenezwa ili mtoto mweusi aishie shambani.

Mwaka 1948 Masista Wafransisko wa Kuabudu Daima walifika Canton kutoka La Crosse, jimbo la Wisconsin, mbali sana kaskazini. Wakafungua shule ya Mtoto Mtakatifu Yesu kwa ajili ya watoto weusi. Wazazi wa Bertha wakamhamishia huko. Mtoto aliyeonekana mzito akafunguka kama ua. Akasoma kila alichokipata.

Jamani, ni watoto wangapi kwetu tumewabandika jina la mbumbumbu kumbe hawajapata mtu wa kuwafundisha? Bertha huyu huyu baadaye alikuja kuwa daktari wa falsafa katika Kiingereza. Akili ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni shule iliyoamini kwamba ipo.

Mweusi peke yake

Akiwa na miaka 15 alitamka kwamba anataka kuwa sista kama wale waliomfundisha. Wazazi hawakutaka. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na La Crosse ilikuwa ni nchi nyingine kabisa kwao. Binti akagoma kula. Alipozidi kukonda, wazazi wakakubali yaishe. Mwaka 1953 akaenda.

Nataka tuelewe uzito wa safari ile. Wakati ule mashirika mengi ya masista Marekani yalikuwa hayapokei wasichana weusi. Ndiyo, mashirika ya Kanisa letu. Ndiyo maana mwaka 1829, huko Baltimore, Mama Mary Lange na wenzake walikuwa wameanzisha shirika lao la masista weusi. Ndiyo maana Augustus Tolton, aliyezaliwa mtumwa, alikataliwa na seminari za Marekani akalazimika kwenda kusoma Roma, akapewa upadre huko mwaka 1886. Siandiki haya kulichafua Kanisa. Nayaandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu utakatifu wa watu hawa hauonekani vizuri ukificha ukuta walioupanda.

Shirika la La Crosse lilimpokea Bertha. Alikuwa mweusi pekee katika nyumba nzima. Mwaka 1955 aliugua kifua kikuu na kukaa hospitali kwa miezi mingi. Alipona, akaingia unovisi, akapewa jina la Thea, lenye maana ya kuwa wa Mungu. Ni jina linalokaribiana na la baba yake Theon, kwa hiyo alimbeba baba yake mpaka konventini.

Masista walimpenda, hilo halina ubishi. Lakini kupendwa peke yake hakutoshi ikiwa kila kitu kinachokuzunguka kinakuambia kwamba njia sahihi ya kusali, kuimba, kula, kucheka na hata kutembea ni ya watu wengine. Kwao Canton watu walisali kwa mwili mzima. Walipiga makofi, waliitikia, walilia. La Crosse ilikuwa ya ukimya. Thea alijifunza ukimya ule akaumudu, na zile nyimbo za kwao zikakaa ndani kwa miaka mingi zikisubiri. Binti unayesoma chuo mbali na kwenu, najua umenielewa.

Mwalimu wakati mji unawaka

Aliweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1958. Akafundisha shule ya msingi La Crosse, ambapo watoto walikuwa weupe na mwalimu mweusi alikuwa jambo geni. Mwaka 1961 shirika likamrudisha Canton, kwenye shule ile ile aliyosoma. Huko alikaa mpaka 1968, na akaweka nadhiri za daima mwaka 1963.

Miaka ile Mississippi ilikuwa inawaka. Mwaka 1962 James Meredith, kijana mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi la anga la nchi yake, alikwenda kujiandikisha Chuo Kikuu cha Mississippi. Zikatokea ghasia, watu wawili wakauawa, na serikali kuu ikalazimika kupeleka wanajeshi maelfu ili mwanafunzi mmoja mweusi aingie darasani. Mwanafunzi mmoja! Mwaka 1966 watu walioandamana kudai haki ya kupiga kura walipofika Canton, polisi wa jimbo waliwapiga kwa mabomu ya machozi.

Katika hali hiyo Sista Thea alikuwa darasani. Alifundisha Kiingereza na muziki, akaanzisha kwaya ya watoto. Na huku anafundisha, anasoma: mwaka 1965 alipata shahada ya kwanza ya Kiingereza katika chuo cha shirika lake, Viterbo, kule La Crosse. Yaani jimbo alilozaliwa limetoka kumwaga damu kuzuia kijana mweusi asisome chuo kikuu, naye kimya kimya anakusanya shahada. Tusidhani kukaa mezani na kitabu ni kukimbia mapambano. Kwa mtu ambaye dunia imeamua asisome, kila ukurasa ni mapambano.

Chuo kikuu: anasoma Thomas More, anajikuta

Shirika likamtuma Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, Washington. Alipata uzamili mwaka 1969 na uzamivu mwaka 1972. Tasnifu yake ilimhusu Mtakatifu Thomas More, hasa kitabu alichokiandika akiwa gerezani London akisubiri hukumu yake, kitabu cha kutafuta faraja wakati wa mateso. Thea alikichambua kitaalamu: More anajenga vipi hoja zake, anamshawishi vipi msomaji. Hakujua bado kwamba siku moja yeye mwenyewe angekihitaji kitabu kile.

Lakini Washington ilimpa na kitu kingine. Alikutana na weusi wengine wasomi, mapadre, masista na walei, waliokuwa wanajiuliza maswali yale yale. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Mwezi huo huo mapadre Wakatoliki weusi walikutana na kutoa tamko kali kwamba Kanisa Katoliki la Marekani ni taasisi ya kizungu yenye ubaguzi. Agosti mwaka huo masista weusi nao wakakutana Pittsburgh na kuunda umoja wao wa kitaifa. Sista Thea alikuwa miongoni mwa waliouanzisha.

Hebu fikiria maana yake kwa mwanamke aliyekuwa mweusi peke yake konventini kwa miaka kumi na tano. Anaingia ukumbini anakuta masista zaidi ya mia, sura kama yake, kila mmoja ana habari yake ya kuwa peke yake. Nyimbo zilizokaa ndani zikatoka.

Tangu hapo Sista Thea akabadilika. Akaanza kuvaa mavazi yenye asili ya Kiafrika. Akafundisha fasihi ya watu weusi. Akaenda kwenye makundi mbalimbali akieleza kwa hoja na kwa wimbo kwamba nyimbo za watumwa ni teolojia: ni watu waliokatazwa kusoma Biblia waliyoihifadhi Biblia kwenye sauti zao. Alirudi Viterbo akafundisha kuanzia 1972 hadi 1978, akawa mkuu wa idara ya Kiingereza. Mwanamke mweusi, mjukuu wa mtumwa, akiongoza idara ya lugha ya wale waliommiliki babu yake, katika chuo ambacho karibu wote walikuwa weupe.

Wazee wetu walisema mkataa kwao ni mtumwa. Thea alilijua neno utumwa kutoka mezani kwao, si kitabuni. Hakukubali kuwa mtumwa kwa njia ya pili.

Binti anarudi kwa wazazi

Mwaka 1978 aliacha kazi ile akarudi Canton. Wazazi wake walikuwa wamezeeka na hawakuwa na mtoto mwingine. Wapo waliodhani anatupa elimu yake. Kwetu nasi mabinti wanaujua mzigo huu: kaka anaendelea na kazi mjini, dada anaitwa kurudi kumuuguza mama. Sitasema kwamba ni haki. Ila Thea hakuona kulea wazazi kama mwisho wa wito wake. Askofu Joseph Brunini wa Jackson alimpa kazi ya kujenga maelewano kati ya tamaduni katika jimbo lake, na kutoka hapo akasafiri nchi nzima akihutubia, akiimba, akifundisha.

Mwaka 1980 ilianzishwa Taasisi ya Masomo ya Wakatoliki Weusi katika Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, New Orleans. Chuo hicho kiliasisiwa na Mtakatifu Katharine Drexel, binti wa tajiri mkubwa wa benki wa Philadelphia, aliyeutoa urithi wake kwa elimu ya weusi na wenyeji asilia wa Marekani. Kila kiangazi Sista Thea alikwenda kufundisha pale. Mwanamke mmoja tajiri mweupe alijenga nyumba, mwanamke mwingine mweusi akaijaza sauti ya watu wake. Tunahitaji wote wawili, lakini tusisahau kwamba nyumba bila sauti ya wenyewe ni jengo tu.

Mwaka 1984 aligundulika ana saratani ya matiti. Mwaka huo huo, kabla haujaisha, mama yake alifariki, na baba yake akafuata. Mtoto wa pekee akabaki na ugonjwa wake. Hapo ndipo aliomba neema moja, kwamba aishi kweli mpaka siku atakapokufa. Akaendelea kusafiri.

Kamera inapomgeukia

Mwaka 1987 kipindi cha runinga cha 60 Minutes, kilichokuwa kinatazamwa na mamilioni ya Wamarekani, kilimtangaza. Mtangazaji alikuwa Mike Wallace, mtu aliyeogopwa kwa maswali yake makali.

Ukumbuke mtu mweusi alionekana vipi kwenye runinga za Marekani wakati ule. Kwenye habari alikuwa mhalifu, mwathirika wa dawa za kulevya au maskini wa kuonewa huruma. Mwanamke mweusi kwenye filamu alikuwa mfanyakazi wa ndani au kichekesho. Na sista kwenye filamu alikuwa mzungu. Sasa anatokea huyu: mweusi, msomi, sista, mgonjwa, anacheka, anaimba, anamshika mtangazaji kwa maneno mpaka anamfanya atamke yeye mwenyewe kwamba weusi ni uzuri. Yule aliyekuja kumhoji akajikuta anafundishwa katekisimu.

Jambo moja ninalolipenda: Thea hakukataa kamera kwa kisingizio cha unyenyekevu, wala hakujibadilisha ili kamera impende. Alijua kwamba picha zinazorudiwa rudiwa zinamfundisha mtoto ajione vipi. Kwa hiyo alipopewa dakika zake chache aliwapa watoto weusi picha nyingine ya kujitazama.

Hapo wewe na mimi hatuhitaji kusubiri 60 Minutes. Simu unayo mkononi.

Kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya maaskofu

Juni 1989 maaskofu wa Marekani walikutana Chuo Kikuu cha Seton Hall, New Jersey. Sista Thea alialikwa kuzungumza nao juu ya Wakatoliki weusi. Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Alifika kwenye kiti cha magurudumu, amevaa vazi la Kiafrika, nywele zimeondoka kwa sababu ya dawa.

Hakuanza kwa salamu ndefu za itifaki. Alianza kwa kuimba wimbo wa huzuni wa wakati wa utumwa, wa mtoto aliyetenganishwa na mama yake. Ukumbi mzima wa wanaume, karibu wote weupe, wenye madaraka yote, ukamsikiliza mwanamke mweusi mgonjwa akiwaambia kwa wimbo kwamba ndani ya Kanisa Mama, watoto wengine wanajisikia yatima.

Kisha akawaeleza maana ya kuwa mweusi na Mkatoliki kwa pamoja. Kwamba anakuja kanisani akiwa mzima, na historia yake, utamaduni wake, uzoefu wake, namna yake ya kusali, na kwamba hiyo ni zawadi kwa Kanisa wala si mzigo. Akawakumbusha kwamba watu weusi walikuwa Wakristo Afrika tangu enzi za mwanzo. Akawasihi wasiache shule Katoliki za watoto weusi zife, yeye aliyefunguliwa kusoma na mojawapo. Akawaambia bila kuzunguka kwamba weusi bado wanafanyiwa maamuzi na watu wasiowasikiliza. Mwisho akawasimamisha, akawafanya washikane mikono kwa kuipishanisha, kama walivyofanya waandamanaji wa haki za weusi, wakaimba pamoja We Shall Overcome. Wapo maaskofu waliolia.

Wengine tukisikia neno ufeministi kanisani tunakunja uso, tunadhani ni lazima liwe vita ya mwanamke dhidi ya Kanisa. Thea hakuingia kwenye vita hiyo, lakini pia hakujifanya haoni. Alieleza kwamba hata kama hahubiri kwenye mimbari, anahubiri nyumbani, mtaani na darasani, na kwamba neno la padre halishiki mizizi kama halijapandwa nyumbani, mara nyingi na mwanamke. Hakusubiri apewe ruhusa ya kuwa na akili. Aliitumia, mbele ya maaskofu, kwa upendo, bila kupunguza ukweli hata kidogo ili upendo uonekane mtamu.

Kwaheri Canton

Alifariki tarehe 30 Machi 1990, katika nyumba ya wazazi wake Canton. Alikuwa na miaka 52. Alizikwa Memphis karibu na wazazi wake. Aliomba kaburi lake liandikwe jambo dogo tu, kwamba alijaribu. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilimpa Medali ya Laetare ya mwaka huo akiwa ameshafariki, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2018 Jimbo Katoliki la Jackson lilifungua rasmi mchakato wake wa utakatifu, na maaskofu wa Marekani wakaunga mkono. Ni baraza lile lile.

Tunabeba nini?

Wapendwa, tusimgeuze Sista Thea kuwa hadithi nzuri ya mtu aliyefanikiwa. Ubaguzi haukuisha siku ile maaskofu waliposhikana mikono. Yeye alilijua hilo. Lakini narudi kwenye swali la wale wadogo zangu, na kwake naona jibu.

Thea aliingia kila mlango. Alijifunza Kiingereza mpaka akakifundisha kwa wenyewe, alimsoma Thomas More, alikaa konventi ya kizungu akawapenda dada zake. Hakusema vitu hivyo ni vya wazungu, sivitaki. Ila kila mlango aliouingia aliingia na Canton yake yote: babu, mama, kwaya, vibarua wa pamba. Nami nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, darasa lilicheka kwa sababu ya r na l zangu, na mwalimu naye akacheka. Ningemjua Thea wakati ule, ningemaliza mada yangu kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu:

Soma. Soma mpaka mwisho, na usimruhusu mtu akuambie kwamba elimu ya mwanamke ina kikomo. Aliyekuumba na akili hakukosea.

Usiifiche jumuiya yenu ya kijijini, bibi yako asiyejua kusoma, wala wimbo wa kwenu. Hayo ndiyo utakayoliletea Kanisa, na hakuna mwingine anayeweza kulileta badala yako.

Ukiwa na nafasi, mwangalie aliye peke yake. Katika kwaya yenu, hosteli yenu, kikundi chenu cha sala, yupo mmoja ambaye hafanani na wengine kwa kabila, kwa ulemavu au kwa umaskini. Usimpende tu. Muulize na wimbo wa kwao, mumpe nafasi auimbishe.

Na ukiona kosa ndani ya Kanisa, usikimbie na usinyamaze. Sema ukweli ukiwa umeshika mkono wa yule unayemwambia.

Tusali.

*Ee Mungu Baba yetu, uliyemuumba kila mtu kwa sura na mfano wako, tunakushukuru kwa maisha ya Mtumishi wako Thea. Ulimtoa katika darasa alilonyimwa elimu ukamfanya mwalimu wa wengi. Utupe sisi vijana ujasiri wa kusimama mbele yako na mbele ya watu tukiwa kamili, bila kuionea aibu ngozi yetu, lugha yetu wala nyumba tulizotoka. Liponye Kanisa lako na kila ubaguzi, wa rangi, wa kabila, wa mali, wa mwanamke na mwanamume. Utujalie kuishi kweli mpaka siku ya kufa kwetu. Na ikiwa ni mapenzi yako, umtukuze Mtumishi wako hapa duniani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.*

Mama Bikira Maria, utuombee.